Hadithi Iliyopigwa Pasi

Ukimuuliza mtu yeyote pale kwa dobi kwa nini kijana wa pasi anaitwa Mvuke, atacheka kwanza ndio akujibu. Mmoja atakuambia ni hasira zake: mguse kidogo tu, anafoka mpaka kifuniko kinaruka. Mwingine atakuonyesha mkono wake wa kushoto, ulivyokunjamana kutoka kiwiko hadi begani kama shati lililosahaulika kwenye mashine, akuambie siku ile bomba la pasi kubwa lilipasuka, kijana akalazwa hospitali, akarudi na jina. Yote mawili ni kweli. Mvuke mwenyewe akiitwa hivyo huitika, hucheka na wenzake, kisha huigeukia meza yake na kuikandamiza kola ya mtu kama vile imemkosea.

Chumba cha pasi kiko nyuma kabisa. Dirisha ni moja, dogo, liko juu karibu na dari, la kutolea joto tu. Nguo zimening'inizwa kwenye bomba refu kutoka ukuta hadi ukuta, kila moja na mfuko wake wa plastiki, na ukipita katikati zinakugusa mabega kama watu wa foleni. Mvuke alijua nguo za mtaa mzima. Alijua nani kanenepa, nani anapunguza, nani siku hizi analala peke yake maana shuka zinakuja mojamoja. Lakini nyumba ya kuingia akakaribishwa kiti, hata moja hakuwa nayo.

Kwake ni chumba cha kupanga, kitanda, jiko, basi. Mama yake anafanya kazi za ndani nchi ya mbali, humtumia sauti kwenye simu akiwa anapika chakula cha watu wengine, unasikia mpaka vijiko. Aliyemlea ni mjomba wake, yuko mji huohuo, tena si mbali. Ila tangu Mvuke aanze kujitegemea, mjomba amekuwa mtu wa "nitapita, mjomba, nitapita," na hapiti.

Sasa kukatokea mpango wa vijana wa mtandaoni, na Mvuke aliingizwa humo na dada wa kaunta. Huyu dada ndiye anayepokea nguo mbele. Kamzidi Mvuke umri kidogo na mdomo mara kumi.

"Mvuke, nimekuandikisha."

"Wapi? Jeshini?"

"Jeshi linataka watu wenye akili. Ni ule mpango wa vijana. Unapewa mwenzako wa nchi nyingine, mnaongea kwenye simu mnaonana sura, mnajuana."

"Mimi hapa mtaani sijuani na mtu, nikajuane na watu wa ng'ambo?"

"Ndio maana nimekuandikisha."

Mvuke akatukana kidogo, akaunguza leso ya mteja, lakini Jumamosi duka lilipofungwa mchana alikuwa ameoga. Dada akakaa mbele kwenye kaunta na simu yake, maana naye alikuwa na mwenzake. Mvuke akaisimamisha simu yake juu ya meza ya pasi, kaiegemeza kwenye chupa ya kunyunyizia maji.

Mratibu wa mpango, kijana mpole anayeleta mashati meupe kila wiki, alieleza namna. Kila Jumamosi mnakaa wawili wawili, kila wawili na mkalimani wao. Mwenzako anakupa jambo moja la maisha yake, na wewe unampa lako. Halafu Jumamosi mbili za mwisho mnakusanyika wote, na unalisimulia la mwenzako mbele ya watu. Lakini husemi "yeye alifanya hivi." Unasema "mimi." Unaliingia kama vile ni lako.

"Kama kuvaa nguo ya mtu," Mvuke alisema.

"Haswa," mratibu alisema, akafurahi.

Mwenzake alikuwa msichana wa makamo yake, mwembamba, na miwani mikubwa iliyomla nusu ya uso. Mvuke akambandika jina palepale: Miwani. Kati yao alikuwepo mkalimani, mama mtu mzima ambaye hakuwahi kuonyesha sura. Alikuwa sauti tu, ya upole, ya mtu anayeongea huku amevaa kanga na ndala nyumbani kwake.

"Anauliza huo moshi nyuma yako ni wa nini, kuna kitu kinaungua?"

"Mwambie si moshi, ni mvuke. Tena mwambie hata mimi mwenyewe ni Mvuke."

Mkalimani akacheka mwenyewe kwanza, ndio akatafsiri. Miwani hakucheka. Alisogea karibu na kioo.

"Anauliza, nani alikuita hivyo? Na wewe ulikubali?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Mvuke kama alikubali.

Toka siku hiyo wiki zake zikawa na mteremko, zote zinashukia Jumamosi. Akiona kitu barabarani anajisemea, hii nitamwambia Miwani. Alimwambia kuhusu mzee anayeleta suti moja ileile kila mwezi na haivai. Alimwambia kuhusu paka wa jirani anayelala juu ya paa la bati kwa sababu ya joto la pasi. Miwani alisikiliza mambo yote hayo kwa makini, kidevu kwenye kiganja. Dada wa kaunta akawa anamsikia Mvuke akipiga mluzi chumba cha nyuma, akasema, "Leo kuna mgonjwa humu."

Jumamosi moja Miwani akauliza kuhusu mkono. Mvuke akamwambia yote, mpaka yale ambayo hakukusudia.

Alimwambia wodi ilikuwa ndefu, na saa ya kuona wagonjwa ikifika ilijaa mabakuli, chupa za chai na watoto wanaokalia miguu ya baba zao. Mjomba alikuwa amesema kwa simu, "Kesho napita, mjomba, usitie shaka." Mama alikuwa mbali, na Mvuke alikuwa amemdanganya ni kidonda kidogo. Basi kila siku saa hiyo ikikaribia alijipangusa uso, akachana nywele kwa vidole vya mkono mzima, akakaa wima kuutazama mlango. Mjomba hakupita. Mwishowe akagundua nafuu ni kulala: mlango ukifunguliwa tu, anafumba macho. Siku moja amefumba hivyo akasikia wageni wa kitanda cha pili wakinong'ona, "Huyu naye hana watu?" Kisha kitu cha baridi kikawekwa karibu na mto wake. Chungwa. Walipoondoka akalivurumisha kwenye pipa la taka mpaka pipa likayumba. Wodi ilipotulia akashuka, akalitoa kwenye pipa, akalila chini ya shuka, na maganda akayaficha ndani ya foronya.

Mkalimani akatafsiri mpaka kipande cha mwisho. Miwani akavua miwani, akaishika mkononi.

Naye akatoa lake. Kwao ni nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha wazazi, kingine cha bibi. Yeye tangu utoto alilala kwenye kochi la sebuleni. Bibi akaanza kusahau, akawa anaacha jiko linawaka, wazazi wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku ileile, kabla hata gari lililompeleka halijarudi, Miwani alishusha mapazia ya bibi na kutundika yake. Alifurahi. Aliimba kabisa. Na mpaka leo akienda kumwona, bibi humshika mkono na kumuuliza, "Chumba changu kikoje? Nikirudi nitakikuta?" Naye humjibu kiko vilevile.

"Anasema usimulie hivyohivyo," mkalimani alisema. "Anasema amechoka kulijua peke yake."

Mvuke akaitikia. Lakini wiki nzima, pasi mkononi, moyo ulimkatalia.

Pale kwa dobi kuna namna yao. Shuka likija na doa lililogomea kila dawa, humwambii mteja mbele za watu. Unalikunja, doa linakaa ndani kabisa, unalipiga pasi, unamkabidhi uso msafi ukiwa juu. Doa lake analijua, atalikuta nyumbani kwake. Huko ndiko kumsitiri mtu, na asiyejua kusitiri hakai kwenye kazi ile. Mvuke akawaza: mjukuu kushangilia bibi yake kuondolewa nyumbani, jambo la kusimama nalo mbele ya halaiki hilo? Msichana wa watu ana uchungu tu, hajui anachoomba.

Jumamosi ya kusimulia, vidirisha vya watu vimejaa kioo kizima, Mvuke akakohoa, akaanza. Alieleza kochi vizuri, jinsi miguu inavyotokeza nje ukirefuka. Alieleza jiko lililoachwa linawaka. Kisha akafika penyewe.

"Bibi alipoondoka nililia mpaka macho yakavimba. Chumba chake sikukiingia. Mapazia yake sikuyagusa, mpaka leo yako palepale."

Watu wakapiga makofi. Mmoja alifuta machozi. Mvuke alijiona amefanya kazi safi, akamtafuta Miwani kwenye vile vidirisha. Alikuwa hapigi makofi. Alikuwa ametulia kama picha ya kitambulisho.

Walipobaki wawili na mkalimani, Miwani ndiye aliyeanza.

"Anauliza, huyo uliyemsimulia ni nani?"

"Kwani si yeye? Mwambie ni yeye. Nimemsitiri tu."

Mkalimani akaeleza kirefu. Jibu likarudi fupi.

"Anasema hakukuomba umfanye mzuri. Anasema watu wote wale sasa wanampenda msichana ambaye hayupo, na yeye amebaki na lake vilevile."

Damu ikampanda Mvuke. "Mwambie mtu akikuamini na aibu yake humwaniki kwenye kamba! Nimemfichia aibu yake, badala ya ahsante ananitolea macho. Mwambie ashukuru!"

"Hilo la mwisho nalo nitafsiri, mwanangu?"

"Tafsiri!"

Akatafsiri. Kidirisha cha Miwani kikawa cheusi, kama mtu aliyefunga mlango bila kuubamiza.

Jumatatu dada wa kaunta alileta furushi la nguo nyuma, akaliweka chini, hakuondoka.

"Ulimharibia mwenzako."

"Nani kakuambia?"

"Sura yake, watu walivyokuwa wanapiga makofi. Mimi nakaa kaunta, Mvuke. Mtu aliyepewa nguo isiyo yake namjua kabla hajafungua mdomo."

"Nenda kakae kaunta basi!"

Akaenda. Mvuke akabaki na pasi inatema maji. Sasa likamwingia vizuri: Jumamosi inayokuja ndiyo ya mwisho, zamu ya Miwani kumsimulia yeye. Kwa sheria za mpango hamruhusiwi kupeana namba, mnaandikiana humohumo ndani, na Jumamosi ikiisha mlango unafungwa. Asipokuja, basi. Mtu pekee duniani anayejua habari ya ile wodi atakuwa amekwenda nayo. Na akija na hasira zake, atalimwaga chungwa mbele ya watu wote, dada wa kaunta akiwemo, na lile jina la Mvuke litapata mkia.

Jumatano akaandika: "Chungwa uliache." Mtambo wao ukautafsiri ujumbe wenyewe. Alama ikaonyesha umesomwa. Hakujibiwa.

Alhamisi alikuwa mkali mpaka dereva wa kupeleka nguo akaamua kusubiri nje. Ijumaa, katikati ya rundo la sare za shule, akaitua pasi, akaandika tena: "Hata usipoliacha, njoo." Huo nao ukasomwa.

Jumamosi wengine walishaingia, mratibu alishasalimia, kidirisha cha Miwani hakipo. Mvuke alikuwa ameiegemeza simu kwenye chupa ileile, anahesabu vidirisha. Msimuliaji wa kwanza akamaliza. Wa pili akamaliza. Yule mwenza wa ng'ambo wa dada wa kaunta akasimulia habari ya dada, ikawa ya kuchekesha, watu wakacheka, na Mvuke akamsikia dada mwenyewe akicheka kupitia ukuta. Ndipo Miwani akatokea, koti bado mwilini, pumzi juu. Hakumtazama mtu. Mratibu akasema karibu, naye Miwani akaanza palepale.

Alikuwa anaongea kwa lugha yake, polepole. Juu yake ikaja sauti ya mkalimani, na Mvuke akausikia mwili wake mwenyewe ukisimuliwa kwa sauti ya mama mtu mzima.

"Nililazwa. Mkono wangu ulikuwa umeungua. Mjomba wangu aliniambia, kesho napita."

Hakurembesha neno. Nywele zilizochanwa kwa vidole zilikuwemo. Macho yaliyofumbwa yalikuwemo. "Nikasikia wakisema, huyu naye hana watu?" Hapo sauti ya mkalimani ikakwaruza kidogo, ikaendelea. Mvuke aliliona chungwa linakuja kama unavyoona gari linakuja na miguu imeganda. Lilipofika pipa la taka, akapeleka kidole, akazima kamera.

Miwani hakuishia hapo. Akalitoa chungwa kwenye pipa. Akalila chini ya shuka. Akayaficha maganda.

"Ndivyo ilivyokuwa," mkalimani alisema. "Ndio mwisho."

Hakuna aliyepiga makofi. Kule mbele kwenye kaunta kiti kililia mara moja. Mvuke alikuwa amesimama katikati ya nguo za watu, plastiki zimemgusa pande zote, uso unamwaka. Alitaka kupiga kitu. Kulikuwa na koti la bwana harusi hapo karibu, akaliacha.

Mratibu akamwita. "Mvuke, upo?" Mratibu akasema maneno ya kushukuru, akaaga, akasema chumba kitaachwa wazi kidogo kwa wanaotaka kuagana. Vidirisha vikaanza kuondoka kimojakimoja, kama taa za nyumba.

"Mwanangu," sauti ya mkalimani ikasema, "mimi muda wangu umekwisha, kuna kikao kingine wananingoja. Mwenzako anasema atakaa."

"Atakaa afanye nini?" Mvuke aliuliza. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza ilivyokuwa ndogo.

"Hakusema. Amesema atakaa tu."

"Nimemkosea mimi."

"Nimwambie?"

Mvuke akafikiri. "Acha. Nitamwambia mwenyewe."

"Kwa lugha gani, mwanangu?" mkalimani aliuliza, lakini hakungoja jibu. Sauti ikatoweka.

Wakabaki wawili. Mvuke akawasha kamera. Miwani alikuwa amekaa palepale na koti lake, anatazama. Hakuna anayejua lugha ya mwenzake zaidi ya jambo na kwaheri. Nyuma ya Miwani, Mvuke aliona kitanda, ukuta, dirisha.

Akavuta kigoda, akakaa. Akaanza kwa Kiswahili chake hichohicho.

"Bibi yangu alipoondoka nilifurahi," alisema. "Kabla gari halijarudi."

Miwani alikunja uso, hakuelewa. Mvuke akanyanyua mikono yote miwili, ule mzima na ule uliokunjamana ambao haufiki juu vizuri, akashusha pazia lisilokuwepo, akalikunja, akaliweka kando. Akachukua jingine. Akalitundika, pete moja, pete ya pili, mpaka mwisho wa dirisha. Kisha akafungua mdomo akaimba, wimbo wowote uliokuja, vibaya, kwa sababu Miwani siku ile aliimba.

Miwani akaweka kiganja mdomoni. Akageuka kutazama dirisha lake, akamgeukia tena. Alisema kitu, maneno mengi tu, kwa haraka, na Mvuke hakupata hata moja. Akaitikia kwa kichwa kwamba anasikiliza. Akaendelea kusikiliza. Akasogeza uso karibu na kioo kama vile yangesikika zaidi.

Akiwa katikati ya neno, kioo kikawa cheupe. Maandishi yakasema mkutano umefungwa, shukrani kwa kushiriki.

Mvuke akabonyeza. Akabonyeza tena. Mpango haukuwa na mlango wa kurudia.

Dada wa kaunta akaja akasimama mlangoni, mkoba begani. Mvuke alisubiri mzaha. Haukuja, na huko kutokuja kukamuuma kuliko mzaha wenyewe.

"Sema basi! Cheka!"

"Nicheke nini?" dada alisema. Akatazama chini. "Shuka za nyumba ya wageni zinatakiwa Jumatatu asubuhi. Usizisahau."

"Sijazisahau."

"Haya." Akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata. "Haya, mimi naenda."

Akamsikia akivuta mlango wa mbele. Mvuke akawasha pasi, akalivuta shuka la kwanza juu ya meza, akalipitishia moto upande huu na upande huu. Lilikuwa pana, la kitanda cha watu wawili, na shuka la hivyo halikunjiki sawa bila mtu wa kushika upande wa pili. Akaita, "Dada!" Alikuwa ameshaondoka. Basi akalinyanyua peke yake, akalibana ncha moja kwa meno, akaanza kulikunja.